Ngazi ya Mtoto

"Usiniambie wamerudi wenyewe, Shihata! Usiniambie!"

"Sasa nikwambie nini? Wana mbawa, Ibtihal! Kitu chenye mbawa kinarudi!"

"Wote? Hata yule chongo?"

"Chongo ndo alitangulia!" Shihata akajibu, na hapohapo akajua ameharibu, maana furaha ilimtoka kwenye sauti kabla hajaiwahi.

Ibtihal alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, upawa mkononi, jasho usoni, tumbo la miezi mitano limemtangulia. Juu ya dari walikuwa wanatembea. Wanaunguruma, wanaparuza, wanashuka, wanapanda. Njiwa akitembea juu ya paa la jirani wala humsikii. Akitembea juu ya kichwa chako, na wiki iliyopita uliapiwa kwamba kauzwa na harudi tena, unamsikia kama mtu anakusaga karanga utosini.

Mama yake Shihata, Bi Nabawiya, alikuwa kwenye sofa, sinia la mlenda mapajani, anachambua jani moja moja. Hakuinua uso.

"Ijumaa hii," akasema. "Wenzenu wametoka msikitini na baraka, nyie mnatoka na makelele."

"Mama, we kaa pembeni."

"Mimi niko pembeni. Hii nyumba ina pembeni tupu, katikati hamna."

Nyumba yenyewe ilikuwa ghorofa ya mwisho kabisa, Bulaq, kwenye uchochoro ambao ukinyoosha mkono dirishani unaweza kumwazima jirani chumvi. Ukipanda ngazi unatokea kwenye paa, na kwenye paa ndo ulikuwepo mnara. Mnara wa njiwa, wa mbao, miguu mirefu kama ya korongo, nyekundu na buluu, umepita madishi yote ya mtaa. Aliujenga Mzee Dusuki, baba yake Shihata, kwa mbao za makreti, na hakuna upepo wa jangwani uliowahi kuutikisa.

Wiki iliyopita Shihata aliwauza njiwa wote kwa Hamdan, yule wa duka la matairi mtaa wa pili. Ibtihal alipiga vigelegele. Akaosha ngazi kwa sabuni kuanzia juu mpaka chini, akafungua madirisha, akasema leo ndo napumua hewa yangu mwenyewe. Leo baada ya swala, amekaa, anasikia krr, krr, krr.

Sasa, hakuna mtoto Bulaq asiyejua hili. Njiwa mkubwa ukimnunua, humwachii. Unamfunga manyoya ya bawa kwa uzi, unamkalisha kwako, anakula kwako, anataga kwako, kwao anakusahau. Ukimfungua mapema, huyo, anarudi alikotoka. Na akishatua kule, usiende kupiga kelele, maana sheria ya wafuga njiwa haina huruma: aliyetua kwako ni wako. Ndiyo maana mtu aliyeamua kweli kuachana na njiwa anawapeleka sokoni, anatafuta mteja wa mbali, wa Fayumu huko, wa Mansura huko. Anayemuuzia jirani ana lake jambo.

Ibtihal naye alizaliwa Bulaq.

"Hamdan hajui kufuga," Shihata akasema, akishusha sauti. "Ana miezi miwili tu kwenye hii kazi. Kawaachia mapema. Kosa lake, mimi nifanyeje?"

"Apa."

"Wallahi..."

"Usiape!" Bi Nabawiya akadakia kutoka kwenye mlenda wake. "Ushahidi wa mrusha njiwa hata kadhi haukubali. Baba yako aliapa hivyohivyo. Aliwauza mara tatu, mara tatu wakarudi, na kila wakirudi anashangaa kuliko mimi."

Ingekuwa siku nyingine Shihata angecheka. Leo alimtazama mama yake kama mtu aliyekanyagwa kidonda.

Maana kwa Shihata njiwa hawakuwa njiwa tu. Shihata alikuwa mtoto wa kuombaomba, na hilo ndo jina lake linavyosema. Mama yake alizika wawili kabla yake, na yeye alipozaliwa, kwa kuogopa kijicho, akambeba amefungwa kwenye tambara chafu, akapita nyumba hadi nyumba akiomba kipande cha mkate, ili kifo kimwone mtoto wa maskini, hana thamani, kimpite. Kikampita. Lakini baada ya hapo akafungiwa. Usitoke, utagongwa. Usiogelee mtoni, utazama. Usicheze mpira, utavunjika. Utotoni mwake Shihata aliruhusiwa mahali pamoja tu duniani, juu, kwa baba yake.

Mara ya kwanza kupanda mnara, vipago vya ngazi vilikuwa vimeachana sana, mguu haufiki. Mzee Dusuki akaingiza kichwa chini ya makalio ya mwanawe, akamsukuma juu kama gunia, huku anacheka na kukohoa, anakohoa na kucheka. Wakafika. Akampa bendera, fimbo ndefu yenye kitambaa cheusi, akamwambia, "Ipunge, mfalme." Shihata akaipunga, na njiwa wote wakanyanyuka kwa mpigo mmoja. Upepo wao ulimpiga usoni. Kivuli chao kikapita juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya madishi, juu ya mtaa mzima uliomkataza kila kitu, na wote walikuwa wanaitii fimbo iliyo mkononi mwake.

Hiyo ndo aliyotaka kumpa mtoto wake. Siyo pesa, siyo shule ya kulipia. Hiyo.

Kazini alikuwa fundi wa feni na mashine za kufulia. Anakaa anasuka waya wa shaba kwenye mota siku nzima, mikono iko kwenye waya, kichwa kiko juu ya paa na mtoto ambaye hajazaliwa. Anamfundisha kupiga mluzi kwa vidole viwili chini ya ulimi. Anamfundisha kutafuna dengu, kisha kuzishika kwenye midomo na kumwachia kinda achukue mwenyewe, anavyokutekenya na mdomo wake. Anamwonyesha njiwa mgeni aliyepotea kundi lake, unavyomshawishi ashuke, taratibu, usipumue, usipumue, haya, mkamate! Wa kike au wa kiume hakujali. Wenzake kazini walimtania, "Je akiwa msichana, fundi?" Anajibu, "Atapanda. Nani kawaambia njiwa wanauliza?"

Akawa anacheka peke yake na mota. Miaka minne anacheka hivyo, na mtoto haji.

Siyo kwamba hakuja. Alikuja mara mbili, na mara mbili akarudia njiani.

"Sawa," Ibtihal akasema. Aliweka upawa juu ya meza, taratibu, na Shihata akaogopa, kwa sababu Ibtihal akipiga kelele ndo afadhali. "Njiwa wamerudi wenyewe. Hamdan mjinga. Sawa. Na hii nayo imerudi yenyewe?"

Akafungua mlango wa chumbani, akaivuta.

Ilikuwa ngazi. Ndogo, ya mbao laini, imepigwa msasa hata kijiti hakichomi, vipago vyake viko karibu karibu, saizi ya mguu wa mtoto. Imepakwa rangi nyekundu na buluu kama mnara. Juu kabisa imefungwa kijibendera, kipande cha kanzu nyeusi ya marehemu Mzee Dusuki.

Bi Nabawiya aliacha kuchambua.

"Umeitoa wapi?" Shihata akauliza.

"Nyuma ya tangi la maji. Nimepanda kuwaona wageni wako, nikakutana nayo. Rangi bado mbichi. Ona." Akamwonyesha kiganja chekundu. "Mimba ya kwanza uliichonga. Nikakwambia Shihata, kwetu hata soksi hainunuliwi kabla mtoto hajalia. Mtu hamtandikii mgeni kitanda hajabisha hodi. Ukasema ni mbao tu. Mtoto akatoka. Nikakwambia ichome, ukasema umeichoma. Mimba ya pili naikuta kwenye stoo, ina vipago vipya. Mtoto akatoka. Ukanililia hapa, hapa miguuni pangu, ukasema umeichoma kweli. Sasa hivi ina rangi. Ina bendera!"

"Ngazi haiui mtoto, Ibtihal."

"Na vumbi? Vumbi nalo haliui? Daktari kaniuliza mwenyewe, mama, hicho kikohozi, nyumbani mnafuga ndege? Kaniambia kaa nao mbali. Nikaja nikakwambia. Ukasema nini?"

Shihata akaigusa rangi ya ngazi kwa kidole.

"Nikumbushe, ulisema nini?"

"Nilisema baba yangu kaishi nao miaka hamsini."

"Kaishi!" Ni Bi Nabawiya aliyesema, na siyo kwa utani tena. Alilisogeza sinia pembeni. "Baba yako hakuishi, mwanangu. Baba yako alikuwa anakohoa. Wewe unakumbuka bendera, mimi nakumbuka beseni. Usiku anakaa kitako kama mwanamke mwenye uchungu, hawezi kulala chali, anavuta pumzi moja kama anaivuta kisimani. Daktari akamwambia, Dusuki, mapafu yako yamejaa manyoya. Akarudi nyumbani akaniambia daktari kasema ni sigara."

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Ningekwambia nini? Wenzangu waume zao walikuwa mkahawani, wengine kwenye hashishi, wengine kwa wanawake. Wangu alikuwa juu ya kichwa changu, namsikia anavyotembea. Nikasema acha afe na njiwa, kuliko aishi na watu. Na wewe ulikuwa unacheka kule juu. Kwingine kote ulikuwa hucheki." Akainua jani la mlenda, akaliangalia, akalirudisha. "Lakini hiyo ngazi sikuijua. Mimi nilikubeba kwenye tambara ili usionekane, wewe unamjengea mwanao ngazi na bendera juu! Unamwita nani aje aone?"

Shihata alijihisi amezungukwa. Alitaka kusema jambo moja, na kila akilishika linamteleza. Alitaka kusema, nisipomngoja kwa hicho, nimngoje kwa nini? Mtu anamngoja mtoto huku ameshika kitu mkononi. Mimi mkononi nina hiki tu. Badala yake akasema, "Nyie wanawake mmeungana."

"Ndiyo, tumeungana," Ibtihal akasema. "Tuko watatu, huyu akiwemo." Akajigusa tumbo.

Hapo mtu akakohoa kwa nguvu nje ya mlango, kikohozi cha mwanamume mwenye adabu anayewapa wanawake nafasi ya kujitanda. Kisha akagonga.

Alikuwa Hamdan wa matairi. Mtu mnene, mpole, kanzu ya Ijumaa bado imenyooka, uso umemwiva kwa ngazi na kwa aibu.

"Salamu aleikum. Fundi Shihata, mimi sijaja kudai."

"Karibu, Hamdan, lakini sasa hivi..."

"Sijaja kudai, nisikilize! Sheria ni sheria, wametua kwako, ni wako, nimekubali, Mungu akubariki nao. Nimekuja na swali moja tu, ndugu yangu, maana mtaa mzima unanicheka, kinyozi ananiita bibi harusi aliyekimbiwa. Kwa nini uliniambia nisiwafunge?"

Hata njiwa juu walitulia, au Shihata ndo alikuwa hasikii tena.

"Twende nje tukaongee," akasema, akamshika Hamdan mkono.

"Rudia hapohapo, Hamdan." Ibtihal alikuwa ameshajitanda mtandio, amesimama nyuma ya mumewe.

"Shemeji, samahani, sikujua..."

"Rudia. Alikwambia nini?"

Hamdan akamtazama Shihata, akatazama chini, akaona ngazi ndogo yenye bendera, akaipenda kwanza, ndipo akaelewa kwamba hapa siyo mahali pa kupenda kitu. "Alisema tu... alisema hawa ni wazee, wapole, uzi utawaharibu manyoya. Alisema kaa nao wiki, halafu Ijumaa ijayo wakati wa swala wafungulie wapunge hewa, hawaendi popote. Nikasema fundi kasema. Mimi mgeni kwenye kazi hii, nitajuaje?"

"Asante," Ibtihal akasema.

"Lakini hamna neno, shemeji!" Hamdan akaona amebomoa, akataka kujenga. "Kama wanawasumbua nawachukua leoleo. Nina vikapu dukani. Nikifika tu nawafunga, wallahi, uzi wa nailoni, mpaka watage kwangu. Fundi sema tu. Sema, nikalete vikapu."

Hapo ndo palikuwa penyewe, na Shihata alijua ndo penyewe. Neno moja tu. Ibtihal alikuwa anamtazama, na machoni mwake, pamoja na hasira yote ile, palikuwa na nafasi ndogo imeachwa wazi, saizi ya neno hilo moja. Bi Nabawiya alikuwa anamtazama. Hamdan alikuwa ameshageuza mguu kuelekea dukani. Shihata akafungua mdomo, na macho yake yenyewe yakapanda darini.

"Leo wamechoka," akasema. "Wametoka mbali... Waache walale hapa kwanza. Kesho, keshokutwa..."

"Wametoka mtaa wa pili," Ibtihal akasema.

"Ibtihal..."

"Hamdan, rudi nyumbani kwako, kaka, usamehe usumbufu. Usihangaike na vikapu." Akangoja mpaka hatua za Hamdan ziishie chini. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayepanga chakula cha mchana, "Njiwa anayejua njia hauziki. Anapikwa."

"Unasema nini?"

"Ngano ya firiki ipo kwenye kopo. Vitunguu vipo. Mwanamke mjamzito anapewa njiwa wa kujazwa ngano apate damu, siyo? Si ndo mila? Mimi ni mjamzito na sijawahi kuonja hata bawa ndani ya nyumba yenye mnara. Nenda kawalete."

"Mrusha njiwa hali njiwa wake. Unajua hilo."

"Wewe usile. Nitakula mimi."

"Binti yangu," Bi Nabawiya akasema, polepole, "neno hilo lirudishe."

Ibtihal hakulirudisha. Shihata alijua kwamba neno lenyewe limemshtua hata mwenyewe aliyelisema, limemtoka tu kama mtu anavyotapika. Mwanamume mwingine angeketi. Angemwambia basi, nisamehe, mwite Hamdan. Lakini Shihata alikuwa amevuliwa nguo mbele ya mama yake na mbele ya mwuza matairi, na hasira ya mwongo aliyekamatwa ni mbaya kuliko ya aliyeonewa.

"Unataka niwachinje," akasema.

"Nataka mtoto wangu azaliwe."

"Nimeuliza, unataka niwachinje?"

"Ndiyo!"

Akapita jikoni, akachukua kisu na beseni kubwa la kufulia, akapanda.

Juu jua lilikuwa kali. Walikuwa wote, kama vile hawakuwahi kuondoka: wenye mikia myeupe, wenye vifua vya kutu, yule mwenye kofia, na chongo, jike kuukuu, mjukuu wa njiwa wa mwisho aliowalisha Mzee Dusuki kwa mdomo wake. Walipomwona walishuka kutoka kwenye mnara kabla hajaita. Walidhani ni dengu.

Shihata alisimama katikati yao. Akajiambia kwamba ataita mara moja, asiyekuja amenusurika. Akaweka vidole viwili chini ya ulimi, akapiga mluzi. Ule wa chakula, wa baba yake.

Wakaja wote.

Alimkamata wa kwanza kama anavyowakamata kila siku, kiganja chini ya kifua, miguu katikati ya vidole, na njiwa akatulia, maana mkono aliujua. Bismillahi, Allahu akbar. Wa pili naye akatulia. Hakuna aliyeruka. Hilo ndo lilimtoa machozi, siyo damu. Alikuwa anasema moyoni, rukeni basi, wapumbavu nyie, nyie si mna mbawa? Nao wanasogea karibu, wanamgonga kiatu, wanamwomba dengu. Mwenye kofia alipanda mwenyewe kwenye mkono wake.

Vumbi la manyoya likatimka, likamwingia kooni. Akakohoa. Akakisikia kikohozi chake, kifupi, kikavu, na akakitambua kilikotoka kabla hajataka kukitambua. Akaegemea mguu wa mnara, akakohoa, akapumzika, akaendelea.

Chongo akamwacha wa mwisho. Akamshika, akamgeuza ili asimwone, kisha akagundua kwamba amejielekezea lile jicho zima, linaloona, akawa amekosea hata hilo. Akamgeuza tena. Akamaliza.

Ukimya wa paa lile hakuwahi kuusikia maishani mwake. Mtaa ulisikika mpaka chini: mtu anauza biringanya, redio, watoto wanagombania mpira.

Aliposhuka na beseni, mlango ulikuwa wazi. Ngazi ndogo ilikuwa imeanguka, imelala kizingitini, akaivuka. Ibtihal alikuwa katikati ya chumba, amevaa viatu, mtandio umekaa vibaya, simu mkononi, kama mtu aliyekuwa anatoka.

"Shihata," akasema haraka haraka, "nimempigia Hamdan. Anakuja na vikapu, nimemwambia alete vyote, awafunge mwenyewe hapahapa mbele yangu, halafu ngazi tuta..."

Akaliona beseni.

Bi Nabawiya akasema, "La haula," akafunika uso kwa mtandio.

Shihata akaliweka beseni juu ya meza ya chakula, kwenye kitambaa cheupe cha Ijumaa. Damu ikavuja kidogo ukingoni. Mikono yake ilikuwa imejaa manyoya madogo madogo, yamegandia, kama mikono yenyewe ndo imeota.

"Pika," akasema.

"Nilikuwa na hasira," Ibtihal akasema. "Mtu na hasira anasema. Wewe ulijua nina hasira."

"Ulisema ndiyo."

"Shihata, kaa chini. Nawa mikono, ukae chini. Tafadhali." Aliinyoosha mikono yake, lakini hakusogea. Tumbo na meza na beseni vilikuwa katikati. Kisha akashikwa na kikohozi, akainama, kiganja chini ya tumbo, akakohoa kile kikohozi chake cha wiki zote hizi. Shihata akamwangalia akikohoa. Alijua kwamba mume anatakiwa kwenda kumletea maji. Alijua kabati ilipo glasi. Mguu haukwenda.

"Haya, uko salama," akasema. "Yuko salama. Hakuna vumbi, hakuna njiwa, hakuna mwongo."

"Usiongee hivyo."

"Wewe umeshinda, mbona hufurahi? Piga vigelegele. Wiki iliyopita ulipiga." Akakohoa, akaendelea. "Na akizaliwa, akikua, akikuuliza baba yake utotoni alicheza nini, mwambie hakucheza."

"Mwanangu, unaenda wapi?" Bi Nabawiya akauliza kutoka nyuma ya mtandio.

Hakujibu. Alitoka, akauvuta mlango nyuma yake, mlango ukagoma. Akatazama chini. Ngazi ilikuwa bado imelala kizingitini, kijibendera kimekunjamana chini ya vipago. Akaisukuma ndani kwa mguu, akafunga mlango.